Kishikwambi chako kisifutwe

Kaka,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, na shemeji yako anauliza kama Mama Neema ameshajifungua. Mengine baadaye, maana ujumbe wako wa jana umeniondolea raha. Ati kishikwambi kimegoma kuwaka, kinaonyesha kosa la 0xc000000f, na fundi wa stendi anataka kufuta kila kitu apige Windows upya? Mkatalie kwa upole, lakini mkatalie.

Tachi ya kishikwambi chako inaendeshwa na chipu ya Silead. Draiva yake, yaani programu inayokiendesha kifaa, si adimu. Adimu ni faili dogo liitwalo SileadTouch.fw, lenye vipimo vya kioo chako hasa. Ukiweka la kishikwambi kingine, unagusa kulia kinajibu kushoto, au nusu ya kioo inakufa. Tachi ilivyokusumbua kabla hakijazima inaelekea huko. Faili lako la zamani bado limo kwenye folda ya Windows.old, inayotunza Windows yako ya awali, ila Windows huifuta yenyewe siku 10 baada ya kupandisha toleo. Ulipandisha Jumanne ya wiki iliyopita, kwa hiyo kikiwaka baada ya Ijumaa inaweza kufutwa. Fundi akifuta leo, hata hizo siku chache hatunazo.

Kuhusu flashi ambayo fundi alisema ni mbovu, sidhani kama ni mbovu. Prosesa ya kishikwambi chako, Z3735F, ni ya biti 64, lakini UEFI (programu ya kuwashia mashine) ya vishikwambi hivyo vya bei nafuu ni ya biti 32. Flashi ya Windows ya biti 64 haionekani kabisa kwenye orodha. Atengeneze ya Windows 10 biti 32, flashi ya GB 8, mfumo wa FAT32, kisha afungue folda ya efi\boot ahakikishe bootia32.efi imo.

Chaji hadi 100 kwanza, maana tundu ni hilohilo moja la chaji na la OTG, yaani la kuchomeka vifaa vya USB. Chomeka habu yenye umeme wake, kibodi na flashi. Washa huku ukibonyeza Esc, ikikataa F7, uchague flashi. Ukifika kwenye ukurasa wa lugha bonyeza Shift na F10. Andika diskpart, kisha list vol, uone herufi za diski. Humo ndani C inaweza kuwa D, usikariri. Andika exit. Sasa, kabla ya jambo jingine lolote, nakili (mfano Windows iko D, flashi ni E):

xcopy D:\Windows.old\Windows\System32\DriverStore\FileRepository E:\draiva /s /i /h

copy D:\Windows.old\Windows\System32\drivers\SileadTouch.fw E:\

Ikisema diski imefungwa, ni BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski. Inataka namba za tarakimu 48, na mara nyingi zimehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Zitafute kabla hujaanza.

Nakala zikishakaa salama ndipo tushughulike na hilo kosa la 0xc000000f la kutowaka. Rudi diskpart, chagua sehemu ndogo ya FAT32 ya MB 100 hivi kwa sel vol na namba yake, andika assign letter=S, toka, halafu: bcdboot D:\Windows /s S: /f UEFI. Chomoa flashi, washa.

Kikiwaka, chomeka flashi tena, rudisha SileadTouch.fw kwenye System32\drivers, kisha pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install, uzime na kuwasha. Kwenye Device Manager tachi ni ACPI\MSSL1680. Kama kidole kinafuata vizuri lakini picha imepinduka, hilo ni jambo jingine: kihisi cha mzunguko, ACPI\KIOX000A, kinataka draiva yake. Halafu fungua sysdm.cpl, Hardware, Device Installation Settings, uchague No. La sivyo Windows Update inaweza kukuletea draiva ya jumla tena na kazi yote ikaharibika.

Narudia, kaka: nakili kwanza. Mengine yote yanarekebishika hata mwezi ujao.

Nijibu upesi: fundi ameshakigusa? Bado inaonyesha 0xc000000f au imebadilika? Mgongoni kimeandikwa namba gani ya modeli? Una habu, au nimpe Mwalimu ya kwangu akija Jumatano? Na zile tarakimu 48, umezipata?

Ni mimi ndugu yako.