Kwa Mwana wa Kaka Yangu, Kuhusu Ukoo Wetu

Mwanangu,

Uliniuliza kwa simu ni tovuti gani ya nasaba inayofaa kulipiwa. Fedha hizo zifanye nauli, upande matatu Jumamosi hii uende kwa shosho, nyanya yako, kwa maana makaratasi yatakungoja lakini yeye ana miaka mingi na usingizi wa mchana umeanza kumzidi.

Ufikapo, usimwulize alizaliwa mwaka gani. Kitambulisho chake kinasema Januari 1, kama vya wazee wengi wa umri wake, kwa sababu karani alitaka tarehe na hapakuwa na aliyeijua. Mwulize alikuwa mkubwa kiasi gani Hali ya Hatari ilipotangazwa Kenya Oktoba 1952, wakati wa vita vya Mau Mau: alikuwa akichunga mbuzi, au tayari alikuwa na mtoto mgongoni? Mwulize pia rika la baba yake liliitwaje, kwa kuwa Wagikuyu waliyapa marika ya tohara majina ya mambo yaliyotukia wakati huo, yakiwemo njaa na maradhi, na jina la rika laweza kukupa mwaka ambao hakuna karani aliyeuandika.

Kwenye majina, tahadhari. Unajua kwamba kwetu mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa nyanya zao. Desturi hiyo husaidia sana, ila jina lilelile hurudi kila baada ya kizazi kimoja, nami nilipoanza kazi hii nilimchanganya babu yangu na babu yake, hata nikamwoza wake wawili ambao hakuwahi kuwaona. Kando ya kila jina andika ni mwana wa nani na alizaliwa katika nyumba ya mke yupi.

Mwombe akufungulie sanduku. Humo mna kipande cha babu, kile kitambulisho cha kikoloni ambacho baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kila mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 alilazimishwa kukibeba, kikiwa na alama za vidole na kumbukumbu za waajiri wake. Kipige picha, usikichukue. Ndicho kilichotufahamisha kwamba babu alifanya kazi Nakuru, jambo ambalo hakulisema hata siku moja.

Baada ya hapo nenda parokiani uombe kuona kitabu cha ubatizo, kisha ndipo uingie Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi. Usitarajie faili lenye jina la babu. Kumbukumbu za utawala wa kikoloni zimepangwa kwa mikoa na wilaya, kwa hiyo nenda ukijua lokesheni, yaani eneo dogo lililokuwa chini ya chifu, na jina la chifu wa wakati ule. Na yule ndugu wa babu aliyechukuliwa kuwa mpagazi katika Vita vya Kwanza asirudi, huenda usimpate popote: wapagazi wengi walikufa bila majina yao kuandikwa, ingawa sisi hupita mtaa wa Kariokor kila siku tukilitamka jina la kikosi chao, Carrier Corps.

Beba majani ya chai na sukari. Simu irekodi akikuruhusu. Yuko dada yake mmoja asiyetajwa nyumbani. Shosho akinyamaza hapo, mmiminie chai, umwulize habari za shamba.

Shangazi yako