Barua kwa Mwanangu Kuhusu Shemeji wa Marehemu

Mwanangu mpendwa,

Mswada wako wa riwaya ya upelelezi nimeusoma wote, na tangu gazeti liandike kwamba mtuhumiwa wa mauaji ya kweli uliyoyachota amefikishwa tena mahakamani, sina raha. Shemeji wa marehemu umembadilisha jina tu. Mguu wake mfupi, duka lake la kutengeneza saa na ugomvi wake wa mirathi umeviacha vilevile vilivyoandikwa gazetini. Kesi haijaamuliwa, nawe umekwisha kumtia hatiani katika ukurasa wa mwisho.

Usidhani sikupendezwa na kazi yako. Pale mpelelezi wako anapochungulia uvunguni, akaona kandambili ambazo ukanda mmoja umeshikizwa kwa uzi wa kuvulia samaki, na fundo lake limefungwa kama afungavyo mtu wa mkono wa kushoto, nilimwita baba yako nikamsomea kwa sauti. Dalili hiyo umeipitisha katikati ya vitu vya kawaida vya chumbani, msomaji akaiona bila kuitilia maanani, na huo ndio uungwana wa kazi yetu: Ronald Knox, mwandishi Mwingereza wa hadithi za upelelezi, katika kanuni kumi za uandishi huo alizotoa mwaka 1929, alitaka mpelelezi asiokote dalili yoyote ambayo msomaji hakuonyeshwa papo hapo. Kandambili hizo hazimo gazetini, maana nimetafuta. Ikiwa kichwa chako kinaweza kubuni fundo lile, kwa nini kilishindwa kubuni mtu mmoja?

Maiti ya sura ya tano imekakamaa mwili mzima saa moja baada ya kifo. Ukakamavu huanza tayani na shingoni baada ya saa chache, na kuenea mwili mzima huchukua takriban saa kumi na mbili, ingawa joto huuharakisha. Rekebisha.

Narudi kwa shemeji. Najua utanijibu kwamba Agatha Christie naye, katika riwaya yake ya mwaka 1934 kuhusu mauaji ndani ya treni, alichota kutoka kisa cha kweli cha mwaka 1932, cha kutekwa na kuuawa kwa mtoto wa rubani Lindbergh. Ni kweli, lakini angalia alichokichota. Riwaya ilitoka miezi kadhaa kabla ya kukamatwa kwa mtu aliyekuja kuhukumiwa kwa kosa hilo, na mhalifu aliyemweka kitabuni alimbuni mwenyewe. Sumu, ambayo ndiyo iliyobeba riwaya yake ya kwanza ya mwaka 1920, aliijua kwa kufanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Huo ulikuwa ujuzi wake, haukuwa msiba wa mtu. Hata hivyo, mtumishi mmoja aliyejiua baada ya kuhojiwa katika kisa kile cha kweli ana mwenzake ndani ya riwaya ya treni, na hapo simtetei.

Usiurefushe mguu ukadhani umemaliza. Yale maneno ya mwanzoni mwa kitabu, kwamba wahusika wote ni wa kubuni, hayamkingi mwandishi ikiwa jirani akisoma ukurasa mmoja anajua ni nani anayesemwa. Anza na sababu ya mauaji: iondoe mirathi, kwa kuwa ndiyo iliyomleta shemeji, na ukishapata sababu nyingine utalazimika kutafuta muuaji mwingine, na dalili zote utazipanda upya ukitokea mwisho kurudi mwanzo. Ni kazi ya miezi. Ifanye.

Baba yako anasema sina haki ya kukuhubiria haya, na ananyoosha kidole kwenye kitabu changu cha pili. Kitabu hicho sikukubali kichapishwe tena, na unajua ni nyumba gani ambayo hatualikwi.

Rafu yako ya vitabu imeliwa na mchwa upande wa chini. Vitabu nimevihamishia katika sanduku la zana la baba yako, naye kila asubuhi anauliza misumari yake iko wapi. Njoo uvichukue kabla ya safari yako, na kama sura ya mwisho haijafika kwa mhariri, mwambie asubiri.

Mama yako