Vitambaa vya makochi vikijikunja baada ya kufuliwa: usivitupe kwanza

Simu nyingi tunazopokea baada ya sikukuu si za oda mpya. Ni za wateja wanaosema vitambaa vyao vya makochi vimeharibika. Walivinunua vimenyooka, wakavifua kwa ajili ya Idi, vikatoka vimenywea, kingo zimejikunja, na kile cha meza ya kahawa hakitaki tena kulala. Wengi wanadhani tumewauzia uzi mbovu. Mara nyingi uzi hauna neno. Kilichoondoka na maji ni wanga na umbo, na vyote viwili vinarudishwa.

Sisi ni kikundi cha akina mama wa Ngamiani, hapa Tanga. Tunafuma kwa kroshia: sindano moja yenye ndoano, uzi wa pamba, na mikono. Kitambaa cha namna hii ni vitanzi vilivyopitishwa ndani ya vitanzi vingine, mwanzo hadi mwisho. Kinachokifanya kilale bapa ni mambo mawili tu, hesabu ya mfumaji na jinsi kilivyokaushwa.

Hesabu yenyewe si ngumu, ila haitaki uvivu. Kitambaa cha duara huanzia katikati kwa kipete cha cheni, kisha zinasimamishwa nguzo 12, yaani mishono mirefu iliyosimama, kukizunguka. Raundi ya pili nguzo 24, ya tatu 36, na kuendelea hivyo, 12 zaidi kila raundi. Ukiongeza pungufu, kingo zinainuka na kitambaa kinakuwa bakuli. Ukizidisha, kinapiga mawimbi. (Wapo wanaoyataka hayo mawimbi, hasa kwa kitambaa cha chini ya chombo cha maua, na tunayafanya kwa makusudi.) Kitambaa ambacho hesabu yake ilikosewa tangu mwanzo hakitanyooka hata ukipige pasi vipi, na ukituletea tutakuonyesha raundi yenyewe ilipoharibikia. Lakini kilichokuwa kimenyooka siku ulipokinunua, hicho kinanyooka tena.

Pamba ikilowa inavimba, na vitanzi vilivyokuwa vimevutwa vinaachia na kurudi vinapopenda. Ukikianika kitambaa kwenye kamba kwa vibanio viwili, kinakauka na umbo la kamba na vibanio. Ndiyo maana huduma yetu ya kufua na kunyoosha inachukua nafasi kubwa kuliko wateja wanavyofikiri, na ndiyo maana tunaitoza.

Tunafua kwa sabuni ya mche na maji ya uvuguvugu, kwa kubonyeza na siyo kufikicha. Hatupopotoi. Kitambaa kinaviringishwa ndani ya taulo, linakandamizwa, taulo linakunywa maji. Kisha kinaingia kwenye wanga: uji mwepesi sana wa unga wa muhogo, uliochujwa kwa kitambaa safi, maana bonge moja likikwama kwenye vitundu vya ua la mtindo wa nanasi utalitazama mwaka mzima. Wapo wanaotumia maji ya sukari badala ya wanga, na ni kweli sukari inakaza mno. Lakini kwa joto na unyevu wa pwani inanata, na sisimizi hawahitaji kualikwa. Sisi hatutumii.

Baada ya hapo kinatandazwa juu ya sponji iliyofunikwa shuka jeupe, na kazi ya pini inaanza. Pini ya kwanza katikati. Nne zinazofuata pande nne, kwa kupimia ili zilingane, halafu katikati ya hizo, halafu katikati ya hizo tena. Mwisho kila ncha ya ukingo inapata pini yake. Kitambaa kikubwa cha meza chenye mtindo wa nanasi kinameza pini mamia. Ziwe pini zisizoshika kutu. Alama ya kutu kwenye uzi mweupe ni shida kubwa kuliko kujikunja kulikokuleta kwetu. Kinakauka hapohapo, hakiguswi. Vyeupe havidhuriki na jua, vya rangi tunavikausha kivulini.

Mteja akiuliza, "Si ungepiga pasi tu?" jibu letu ni kwamba pasi inalaza kila kitu. Maua yaliyoinuka yanakuwa karatasi. Ikilazimu, piga upande wa nyuma, juu ya taulo, kukiwa na kitambaa kibichi katikati, na ubonyeze bila kuburuza.

Kabla ya kupokea chochote tunakigeuza na kukichunguza, kwa sababu si kila chenye vitundu ni kroshia. Lesi ya dukani ina ukoo wake. John Heathcoat, Mwingereza, alipata hataza ya mashine ya kusuka neti mwaka 1809, na mashine za aina hiyo zikageuza mji wa Nottingham kuwa mji wa lesi. Zile lesi nzito za magauni ya harusi, zenye maua yaliyoshikana bila kitambaa nyuma yake, ni jambo jingine kabisa: ni tarizi. Mashine inatarizi juu ya kitambaa cha muda, kisha kitambaa hicho kinayeyushwa na maua yanabaki yameshikana yenyewe. Ufundi huo ulikua miaka ya 1880 huko St. Gallen, Uswisi, na Plauen, Ujerumani. Ni kazi nzuri na hatuidharau. Tatizo ni kwamba nyingi zinazouzwa sasa ni za poliesta. Hazinywi wanga kama pamba, na pasi ya moto inaziyeyusha. Ukituletea hizo tutazifua na kuzinyoosha kwa pini, ila usitegemee zisimame kama pamba.

Kutofautisha si kazi. Geuza kitambaa utazame nyuma. Kroshia ina vitanzi unavyoweza kuvifuata kwa macho kimoja baada ya kingine, na mahali fulani utaona uzi ulipofungiwa na kufichwa. Viwandani hakuna mashine inayofuma kroshia kamili kama mkono. Vile vinavyouzwa kwa jina hilo kwa bei ya kutupwa, ama ni ufumaji mwingine wa mashine unaofanana nayo, ama kuna mwanamke mahali fulani duniani aliyelipwa kidogo mno.

Doa linalotusumbua kuliko yote ni la mafuta ya nywele, pale mgongoni mwa kochi. Wala si la jana: Waingereza wa karne ya 19 walianza kutandika vitambaa hivyo mgongoni mwa viti kwa sababu hiyohiyo, wanaume wao walipokuwa wanajipaka mafuta ya kichwa. Kitambaa kiliwekwa pale kipate doa badala ya kochi. Kwa hiyo usikionee haya. Kipake sabuni ya kuoshea vyombo kikiwa kikavu, kiache kidogo, ndipo ukiloweke. Jiki acha. Ukiizidisha inakula pamba, na kitambaa kinaanza kukatika kwenye vifundo mwezi mmoja baadaye, wakati umeshasahau ulichokifanya. Doa la hina hatuwezi kulitoa lote, tunasema mapema.

Kitanzi kikikatika, usikate uzi unaoning'inia na usiuvute. Chukua uzi wa rangi nyingine, upitishe kwenye vitanzi vilivyo wazi, ufunge, utuletee. Hivyo tunajua pa kuanzia. Tunaziba kwa uzi wa unene uleule, lakini rangi huenda isifanane kabisa, maana uzi wa rangi moja uliotiwa rangi siku tofauti kiwandani hutofautiana. Ndiyo sababu oda ya seti nzima tunainunulia uzi wote kwa mkupuo. Fedha hiyo inatoka kwenye mfuko wa kikundi, na ndipo malipo yako ya awali yanapokwenda.

Ipo pia sababu ya seti kuchelewa, ambayo wateja hawaipendi. Seti ya makochi inafumwa na mkono mmoja. Kila mtu ana mkono wake: Bi mkubwa wetu anabana, uzi uleule na sindano ileile, na kitambaa chake kinatoka kidogo kuliko cha jirani yake aliyekaa naye mkeka mmoja. Ukigawa vya mgongoni kwa watu wanne, sebuleni vitaonekana vinne. Kinachogawanywa ni kufua, kuchuja wanga na kubana pini, kazi ya Jumamosi alasiri barazani, ambako mabinti wanaojifunza wanapewa pini kwanza na sindano baadaye. Wakipewa sindano, wanafuma cheni tupu mpaka vitanzi vyote vilingane. Wengine wanachoka hapo na kutokomea. Wanaobaki tunawapa vitambaa vya chini ya glasi.

Vitambaa vya kufuliwa tunapokea siku zote isipokuwa Ijumaa. Vilete kama vilivyo, na doa lake, usijaribu kwanza jiki. Tuambie ni doa la nini na meza ina upana gani, au lete kipimo cha kochi, kwani kitambaa tunaweza kukivuta kikawa kikubwa kidogo kuliko kilivyo, si sana. Bei tunakutajia baada ya kukiona. Masika ongeza siku, kwa sababu hakitoki kwenye pini mpaka kikauke chenyewe.