Kuhama jimbo hakufuti amri ya malezi ya mtoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na Waswahili wenzangu tunaoishi Marekani, hasa hapa Texas, ambako kazi ya ukalimani hunifikisha mahakamani mara kwa mara. Wengi wetu, ndoa ikivunjika, huona jambo limekwisha pindi wazee wanapokaa kikao, hata kama ni kwa simu, wakakubaliana mtoto akae na nani; na hata pale jaji alipokwisha kutoa amri ya malezi, mzazi mmoja akihamia jimbo jingine tunadhani amri hiyo imebaki nyuma.

Dhana hiyo imewaponza wengi. Amri za Texas mara nyingi hutaja eneo ambalo mtoto atakaa, kwa mfano kaunti fulani na zile zinazopakana nayo, na kwa kawaida humtaka mzazi atoe taarifa ya maandishi siku 60 kabla ya kubadili anwani. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1980 inazitaka mahakama za majimbo mengine ziitekeleze amri hiyo, na madhali mzazi mmoja bado anaishi Texas, kwa kawaida ni mahakama ya huku tu yenye uwezo wa kuibadilisha. Kwa hiyo mzazi aliyebaki nyuma hana haja ya kufungua kesi upya, wala ya kusafiri usiku kwenda kumnyakua mtoto, ushauri ambao nimeusikia ukitolewa na watu wazima wenye heshima zao. Anachotakiwa ni kupeleka nakala za amri zilizothibitishwa katika mahakama ya jimbo aliko mtoto na kuomba zisajiliwe. Karibu majimbo yote humpa mzazi wa pili siku 20 za kupinga tangu apate taarifa, na sababu za kupinga zinazokubalika ni chache.

Wapo pia wanaosimamisha fedha za matunzo kwa sababu wamenyimwa kumwona mtoto. Amri za Texas hueleza waziwazi kwamba kunyimwa huko si sababu ya kuacha kulipa, kama vile kutolipwa kusivyokuwa sababu ya kumficha mtoto, na kwamba anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi dola 500 na kufungwa hadi miezi sita kwa kila kosa. Maonyo hayo yameandikwa kwa herufi kubwa, lakini kwa Kiingereza, na wengi hutia sahihi bila kusomewa.

Simlaumu mzazi anayekimbia kipigo. Mahakama ya jimbo alikokimbilia inaweza kumpa amri ya dharura ya muda, ilimradi aende mapema na aeleze kwamba ipo amri nyingine.

Wazee wetu waendelee kusuluhisha, ila wanapokubali mmoja ahame na mtoto, makubaliano hayo yaandikwe na kupelekwa kwa jaji ayatie sahihi kabla mizigo haijafungwa.

Msomaji wako,
Houston, Texas