Kaka, jua halichwi upande wa Nyali

Kaka,

Salamu zako za rambirambi zimefika, na pesa za hitima pia. Mama anashukuru. Lakini umeuliza kama ile picha ya Bandari ya Kale ya Mombasa ingalipo, nami naona bora nikujibu hapa, maana kwenye simu huwa unanikatiza.

Wewe ndiwe uliyenifunza rangi za mafuta, silikani hilo. Tabaka la kwanza liwe konda, lilegezwe kwa tapentaini. Kila linalofuata lizidi mafuta ya kitani. Giza la ubavu wa jahazi tusilichukue kwenye tyubu ya rangi nyeusi, tuchanganye bluu iliyokoza na hudhurungi. Sura yake majini iwe hafifu kidogo kuliko chombo chenyewe, na tanga jeupe likiwa majini lififie weupe wake. Hakuna aliyenivumilia kama wewe.

Basi kwa nini ulishika brashi yangu?

Nilikuwa nimepaka tangu asubuhi. Ami alikaa nami pale ngazini akinirekebisha foromali, ule mti unaobeba tanga, mpaka ikalala sawasawa kwenye mlingoti, yeye aliyepakia boriti za Lamu ujana wake wote. Nikaenda kuswali Adhuhuri. Kurudi, umeshaweka jua jekundu la magharibi juu ya maji, na mnazi pembeni. "Watalii wanapenda," ukasema. Ami akaitazama, akakuuliza jua limeanza lini kuchwa upande wa Nyali. Ukacheka. Yeye hakucheka.

Bandari ile imeelekea mashariki, kaka. Jua huchomoza ng'ambo, na likichwa huchwa nyuma ya mji, mgongoni mwa mchoraji. Umezaliwa pale!

Na ile nyekundu uliilegeza kwa tapentaini tupu juu ya tabaka langu lenye mafuta, kinyume cha somo lako mwenyewe. Ya juu ikawahi kukauka, ya chini haijatulia, ikapasukapasuka.

Ukirudia kupaka, tazama kwanza mwanga unatoka wapi. Usipake postikadi. Mimi huutazama mwanga kwanza, ndiyo sababu picha zangu haziuziki haraka, na sioni aibu. Ndiyo sababu pia nimelikwangua jua lako kwa kisu, juma lile lile tulipomzika Ami, nikarudisha asubuhi aliyoiona. Nani mwingine angefanya?

Picha ipo kwa mke wa Ami, na haitoki. Likizo ukija kutoka Muscat, njoo na turubai yako. Nitakukalisha ngazini, lakini brashi zangu usiziguse.

Mdogo wako