Kucha, kisigino na jicho ni ugonjwa mmoja

Mhariri,

Kila Oktoba magonjwa mawili hupata siku yake. Tarehe 12 ni ya ugonjwa wa viungo duniani, na picha huwa ya bibi mzee aliyeshika goti. Tarehe 29 ni ya soriasisi, ugonjwa wa ngozi, tukaonyeshwa kiwiko chenye magamba. Sisi tulio na yote mawili kwa pamoja, tena kutokana na chanzo kimoja, yaani ugonjwa wa viungo wa soriasisi, hatuandikiwi hata aya. Naomba nafasi niiandike mwenyewe.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kibuye, Kisumu. Soriasisi yangu ni ndogo. Imejificha nyuma ya masikio na kichwani chini ya kitambaa, na kwa ngozi nyeusi kama yangu haiwi nyekundu kama ile ya kwenye mabango ya hospitali. Huwa na rangi ya kahawia au kijivu inayoelekea zambarau. Kwa hivyo hakuna aliyeihusisha na mambo yaliyofuata. Kucha ziliingia vishimo vidogo vidogo, zikafanana na kastabani ninayovaa nikisukuma sindano, kisha moja ikaanza kubanduka kwenye nyama. Fangasi, nikaambiwa. Kidole cha mguu kilipovimba chote, kuanzia shina hadi ncha, ikawa ni gauti, na niache nyama na omena. (Kumkataza mtu wa Kisumu omena si jambo dogo.) Kisigino nacho kiliuma kwa nyuma, pale kano nene inaposhikana na mfupa, hata kukanyaga cherehani kukawa adhabu, lawama zikaenda kwa patipati. Halafu jicho likawa jekundu, likauma, likakataa mwanga. Nilipewa dawa ya vumbi.

Kila mhudumu alishughulikia kipande chake kwa nia njema. Hakuna aliyetazama kichwa na miguu yangu siku moja.

Ukweli ni kwamba kinga ya mwili ndiyo inayougeukia mwili, na haiishii kwenye maungio. Inagusa ngozi, kucha, mahali kano zinaposhika mfupa, wakati mwingine hata ndani ya jicho, na jicho la namna hiyo halingojewi kesho, kwa sababu lisipotibiwa linaweza kupofuka. Katika kila watu 100 wenye soriasisi, hadi 30 hivi hupata ugonjwa huu wa viungo, wengi wakiwa kati ya miaka 30 na 50, watu wa kazi na malezi. Wengine viungo huwauma kabla ngozi haijaonyesha chochote. Kile kipimo cha damu cha baridi yabisi nacho kwa kawaida hakioni kitu kwetu, hivyo mgonjwa anarudi nyumbani na karatasi inayosema yuko sawa.

Ila kinachonisumbua zaidi kwa majirani ni uchovu na ugumu wa asubuhi. Mteja anayekuja saa mbili ananikuta nimekaa, mikono ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, mkasi haushikiki. Anayekuja saa sita ananikuta nakata vitambaa vya sare za shule kama kawaida. Wakikutana njiani, mmoja atasema mimi ni mgonjwa, mwingine atasema najisingizia. Wote wawili wameona kweli. Maumivu haya huzidi mtu akipumzika na hupungua akijongea; hata mgongo unaniamsha usiku, nikitembea uani unaachilia. Uchovu wenyewe haulaliki ukaisha. Nikiutaja, naulizwa kama nimepima malaria.

Nina neno pia kuhusu vidonge vya kufungiwa kwenye karatasi bila jina, vinavyouzwa madukani kama “dawa ya viungo”. Baadhi ya vidonge vya namna hiyo huwa na steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe. Vinatuliza haraka, ndiyo, lakini mwenye soriasisi akiviacha ghafla ngozi inaweza kulipuka mwili mzima. Na wenzangu mlioandikiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, dawa hiyo ni ya mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Mimi huimeza Jumamosi jioni nikishafunga duka, maana siku inayofuata tumbo huwa halina raha. Muuza dawa akiandika kwenye pakiti “moja kwa siku”, mrudishie hapo hapo.

Ombi langu kwa wanaosimamia afya katika kaunti zetu ni la gharama ndogo. Mtu akija na kidole kilichovimba au kisigino kisichopona, aulizwe kama yeye au ndugu yake ana ngozi inayotoa magamba, na kucha zake zitazamwe. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita majumbani wanaweza kuuliza hivyo hivyo. Kuchelewa miezi michache tu kunaweza kuacha viungo vimeharibika moja kwa moja. Madaktari bingwa wa viungo ni wachache nchini, na wengi wako Nairobi. Hilo halitatatuliwa kwa barua. Lakini kliniki ya ngozi na ya viungo zinaweza kupangwa siku moja, jengo moja, na faili la mgonjwa likavuka ukumbi bila yeye kulipa nauli mara mbili.

Fundi wa nguo,
Kibuye, Kisumu