Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Njia Zetu za Changarawe Kuzunguka Bwawa la Hombolo

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na ada inabaki ileile. Mimi nitazungumzia njia, kwa sababu mwaka huu njia ndiyo iliyotupa kazi. Njia ya kandokando ya bwawa inaliwa na maji, na matairi ya baiskeli zetu yanachangia. Kamati inapendekeza njia hiyo ifungwe kila mwaka, kuanzia mvua ya kwanza hadi mwisho wa Aprili. Mtapiga kura kwenye mkutano, kwa hiyo naomba msome sababu kwanza.

Dodoma hupata mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Tena hainyeshi kidogokidogo. Hushuka kwa kishindo juu ya ardhi iliyokaa miezi saba bila tone, imekauka kama sakafu, nyasi zimeliwa na mifugo. Maji hayazami, yanateremka. Yakikuta alama ya tairi iliyonyooka kutoka kilimani hadi bwawani, hata kama upana wake ni sentimita 4 tu, yanaifuata. Msimu wa kwanza ni mchirizi, wa pili mfereji, wa tatu korongo ambalo ng'ombe halivuki. Mkoa huu unalijua tatizo hilo vizuri: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973 kwa sababu ya mmomonyoko, hasa kule Kondoa. Na udongo unaoondoka mlimani haupotei. Unaishia bwawani, na bwawa hili lililojengwa miaka ya 1950 linazidi kujaa tope.

Sababu ya pili ni udongo wenyewe. Karibu na maji kuna udongo wa mbuga, ule mweusi. Ukilowa, haukai chini. Unapanda na tairi. Fremu inayobeba tairi la milimita 45 mara nyingi huwa na nafasi ya milimita 5 au 6 tu kila upande. Tope likichanganyika na majani makavu huziba nafasi hiyo ndani ya mita mia moja, gurudumu linakwama, na mwendeshaji anaongeza nguvu kwenye pedali. Hapo ndipo hasara inapotokea: mnyororo unavuta, mkono wa gia wa nyuma unapinda, unaingia kwenye spoki na kung'oka. Mkijikuta kwenye udongo huo hata nje ya msimu, shukeni mapema, sukumeni baiskeli juu ya majani ya pembeni, na mtoe tope kwa kijiti kabla halijakauka. Msilazimishe pedali.

Kiangazi udongo huohuo hupasuka. Nyufa zenye upana wa vidole viwili au vitatu hufuata mwelekeo wa njia, na tairi la mbele likiingia halitoki bila mtu kuanguka. Vukeni ufa kwa kuukata mshazari, kamwe msiende sambamba nao.

Sasa njia zilizobaki wazi mwaka mzima. Kutoka katikati ya mji kupitia Ihumwa hadi Hombolo ni kama kilomita 40, na bwawa liko chini kuliko mji, ambao uko kwenye mita kama 1,120 juu ya usawa wa bahari. Maana yake kurudi ni kupanda, taratibu lakini kwa muda mrefu. Kinachotuokoa ni upepo. Kuanzia Julai hadi Oktoba upepo wa Dodoma huvuma kutoka mashariki na kusini mashariki, na hupata nguvu jua likishapanda. Tukiondoka saa 12:30 asubuhi tunaukabili ukiwa bado umelala, na unatusukuma mgongoni wakati wa kurudi. Anayeondoka saa tatu anaupata wote usoni. Oktoba na Novemba joto ni kali kuliko miezi mingine yote: hesabuni maji lita 0.75 kwa kila saa ya mwendo, na myabebe kutoka nyumbani au myanunue dukani. Maji ya bwawa msinywe, na msitumbukize miguu kwenye maji yaliyotuama ili kuosha baiskeli. Kichocho huingia kupitia ngozi.

Mambo mawili yamebadilika upande wa mjini. Reli ya SGR, ambayo treni zake zilianza kufika Dodoma mwaka 2024, ina uzio, kwa hiyo njia za mkato za zamani zimekatika na tunavuka kwenye vivuko vilivyojengwa tu. Nayo barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3 inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulo, inakatiza njia zetu za kaskazini mashariki. Ni lami pana na malori yanakimbia. Tushuke, tuvuke kwa miguu, kundi zima kwa pamoja.

Kwenye moramu yenye mawimbi, yale matuta madogo yanayochimbwa na magari, kinachoharibika ni bolti. Mtetemo hulegeza za usukani, za kiti na za kishikio cha chupa. Kazeni kabla ya kutoka, na za usukani zifuate kipimo cha nguvu ya kukaza kilichoandikwa juu yake, mara nyingi Nm 5. Kuzidisha ni hatari kuliko kulegea, maana bomba la kaboni hupasuka kimyakimya.

Mchanga wa makorongo unataka utaratibu mwingine. Badilisha gia kuwa nyepesi ungali kwenye ardhi ngumu, rudisha uzito nyuma kidogo, legeza mikono, endelea kukanyaga sawasawa. Usishike breki ya mbele na usijaribu kukata kona. Wengi wanaoanguka hawaangushwi na mchanga. Wanaangushwa na usukani walioukamata kwa woga.

Tairi ndilo jambo ambalo wanachama wapya huuliza kuliko yote, na ushauri wa kamati ni huu. Milimita 45 ndiyo kiwango cha chini kwa Hombolo. 50 ni bora kama fremu inaruhusu. Kwa mtu wa kilo 70, tairi la 45 lisilo na tyubu lianze na presha ya psi 28 mbele na 32 nyuma. Mwenye tyubu aongeze 5, la sivyo jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na kuikata matundu mawili pacha. Anayetumia dawa ya kuziba atie mililita 60 hadi 90 kwa kila tairi na aikague kila baada ya wiki sita. Hewa yetu ni kavu, na dawa hugeuka utando mkavu kabla mwenyewe hajashtuka. Tikisa gurudumu karibu na sikio: usiposikia maji, hakuna dawa.

Adui ni mbigiri. Huota pembezoni mwa njia na mashambani, na mbegu zake hukaa zimeelekeza mwiba juu daima. Kwenye tairi la dawa, mwiba mdogo uache hadi nyumbani. Ukiuchomoa njiani unafungua tundu bure. Mwiba wa mgunga ni tofauti, mrefu, wa kutoboa hadi kwenye utepe wa rimu: huo uchomoe, kisha zungusha gurudumu tundu liwe chini ili dawa ilifikie. Kwenye tairi la tyubu, toa miiba yote. Pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi, si kidole. Kitambaa hunasa ncha iliyovunjika ambayo kidole hakiioni. Tyubu nyingi zilizotobolewa mara mbili ndani ya nusu saa zilitobolewa na mwiba uleule.

Msitegemee kununua tyubu kijijini. Mafundi wa vijijini ni hodari na wana tyubu, ila ni za baiskeli za Phoenix, 28 kwa 1½, ambazo rimu yake ina kipenyo cha milimita 635, na zetu ni 622. Tyubu yenyewe inaweza kujikunja kidogo ikaingia kwenye tairi letu. Kinachokwamisha ni vali. Tundu la rimu zetu limetobolewa milimita 6.5 kwa vali nyembamba, na vali ya Phoenix haipiti. Kwa hiyo kila mtu abebe tyubu mbili zake, viraka, solusheni na kile kipande cha shaba cha kufungia vali nyembamba kwenye pampu ya fundi. Kipande hicho ni kidogo kuliko kifungo cha shati, na kimewahi kuamua nani anarudi kwa pikipiki.

Mnyororo upakwe nta, si oili nzito. Vumbi la Ihumwa likichanganyika na oili linakuwa msasa.

Kuhusu wenyeji: Hombolo ni nchi ya zabibu na ng'ombe. Mavuno ya zabibu huwa mara mbili, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, na wakati huo njia nyembamba hujaa pikipiki zenye makreti pande zote mbili. Sisi ndio tunaopisha. Ramani za simu zimechora baadhi ya mipaka ya mashamba kana kwamba ni njia, si njia. Mkikutana na kundi la ng'ombe, simameni upande mmoja wote, msiligawe. Na kumwambia mzee "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, hakuchukui hata sekunde mbili.

Kura ikipita, kazi itaanza kabla ya mvua. Tutaweka makingamaji kwenye miteremko mitatu ya ufukweni iliyochimbika zaidi, kwa ruhusa ya viongozi wa kijiji. Kila kinga ni mtaro wa kina cha sentimita 15 hadi 20 uliochimbwa mshazari kukatiza njia, mawe yakipangwa kwa kubanana upande wa chini, na mdomo wake ukielekezwa kwenye nyasi, kamwe si kwenye shamba la mtu. Kinga iliyochimbwa kwa pembemraba na njia hujaa tope mvua ya kwanza na maji yakairuka. Ndiyo maana ya mshazari. Pale mteremko unapokuwa mkali, makinga yakaribiane zaidi. Njooni na sururu, koleo na glavu. Mawe yapo palepale.